Mshale Uliokosekana

Kijana mmoja alinijia hapa Buhigwe na kompyuta yake, anionyeshe programu aliyoitunga ya daftari la wanafunzi. Kila mtoto alikuwa na visanduku vitatu vya kujibiwa ndiyo au siyo: amehama, ameacha, amehitimu. Nikamwuliza, mtoto aliyeacha shule na papo hapo akahitimu ni wa namna gani? Visanduku vitatu huzaa michanganyiko 8, na yenye maana ni 4 tu. Akanijibu kwamba karani atakuwa mwangalifu. Karani!

Nasema bila kumumunya maneno: anayetunga programu kabla ya kuchora hali za kitu chake anaezeka nyumba isiyo na kuta. Chora duara kwa kila hali, na mshale kwa kila tukio linalomtoa mtoto hali moja kumpeleka nyingine. Pasipo na mshale, programu ikatae. Elimu hii si ngeni. Wahandisi waliitumia tangu miaka ya 1950, na mwaka 1987 David Harel akaipanua kwa ajili ya mifumo mikubwa.

Tulipochora pamoja ndipo kosa kubwa likaonekana. Kutoka "ameacha" hapakutoka mshale wowote. Kijana akajitetea kuwa alinakili daftari la zamani. Naam, nalijua daftari hilo. Nilipokuwa mwalimu mkuu, kabla ya kwenda chuo cha ualimu, msichana akipata mimba nilivuta mstari mwekundu juu ya jina lake, basi. Lakini Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya kujifungua waruhusiwe kurudi. Kwa programu ile, karani angelazimika kumwandikisha binti huyo upya: mtu mmoja awe wawili, na miaka yake ya nyuma ipotee.

Wako watakaosema mtoto si mashine. Nani kasema ni mashine? Kinachochorwa ni daftari lake. Daftari la karatasi lilikuwa na pambizo, na mwalimu mwenye huruma aliweza kuandika humo kwa penseli. Programu haina pambizo.

Kijana akaongeza mshale, akaandika juu yake "amerudi". Nikamwambia achore mwingine kutoka "amehama", maana huku mpakani kwetu watoto huvuka Manyovu kwenda Burundi na kurudi. Akanung'unika kidogo, akauchora.