Kasa wa Nungwi naye apewe jembe

Haya wadau, leo nina neno juu ya kulisha. Sizungumzii futari wala mchango wa harusi. Nazungumzia kuwalisha viumbe wa baharini tunaowaweka kwenye mabwawa yetu hapa Unguja, na hasa kasa wa Nungwi. Msimamo wangu nausema mapema ili asiyeutaka asipoteze muda wake: kasa anayetarajiwa kurudi baharini asilishwe kwa mkono wa mtalii. Najua biashara hii inaingiza pesa, na nitafika huko. Lakini tunamfundisha kasa jambo ambalo litakuja kumuua.

Nianze na kiumbe mwengine, ambaye wengi wetu hatumjui ingawa ni jirani yetu. Wazungu wanamwita kamba vunjajungu, kwa sababu mikono yake ya mbele ameikunja kama yule mdudu wetu wa majani. Si kamba hasa, ila ni ndugu wa kamba na kaa. Yule wa rangi nyingi, kijani, nyekundu na buluu, anapatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki. Mikono yake ina nundu mfano wa rungu, na akipiga, rungu hilo linaweza kwenda kwa mwendo wa mita 23 kwa sekunde. Anapasua konokono, anapasua kaa. Wazee wetu walisema ukimgusa vunjajungu wa nchi kavu utavunja chombo. Huyu wa baharini anavunja mwenyewe. Mwaka 1998 mmoja wao, aliyepewa jina la Tyson, alivunja kioo cha tangi lake kwenye kituo cha maonyesho ya viumbe wa bahari huko Great Yarmouth, Uingereza.

Sasa kuna watu Ulaya na Marekani wanamfuga sebuleni, kwenye tangi la kioo, kama sisi tunavyofuga paka. Mimi si shabiki wa kufungia viumbe ndani, lakini katika ulishaji wafugaji wazuri wa mnyama huyu wametuzidi. Mfugaji anayejua kazi hamwekei minofu laini kila siku. Humtupia konokono au kaa mwenye gamba gumu, akamtafute, akampige, ajipatie riziki kwa jasho lake. Na hamlishi kwa vidole. Anatumia koleo refu, maana vidole vyake bado anavihitaji.

Fikirini hilo. Mnyama ambaye pengine hatatoka kwenye kile kioo mpaka afe, bado anapewa kazi ya kufanya wakati wa kula. Kasa wetu, ambaye tunawaambia walimwengu kwamba tutamrudisha baharini, tunamletea chakula mpaka mdomoni.

Ukipanda gari ya 116 ukaenda nayo mpaka mwisho, unafika Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Karibu na mnara wa taa ndipo wanakijiji walipoanzisha hifadhi ya kasa ya Mnarani mwaka 1993. Wana bwawa la asili ambalo maji ya bahari yanaingia na kutoka kwa kujaa na kupwa. Wazo lilikuwa zuri na mpaka leo ni zuri: kasa akinaswa kwenye wavu, badala ya kuchinjwa apelekwe bwawani, atibiwe, akue, halafu arudi kwao. Kijiji cha wavuvi kuamua hivyo si jambo dogo. Kasa alikuwa kitoweo, na gamba la ng'amba lilikuwa mali. Kwa hilo wanastahili heshima, na sitaki msomaji adhani nimekuja kuwabomolea.

Ninachokipinga ni desturi iliyokuja na utalii na kuenea kwenye mabwawa ya kule. Mgeni anapewa fungu la mwani, anainama ukingoni, kasa anakuja mbio na kunyoosha shingo, picha inapigwa. Pengine mgeni anaingia kabisa majini kuogelea nao, mikono na mgongo vimejaa mafuta ya kuzuia jua. Kasa keshajua: akiona miguu ya binadamu, chakula kimefika.

Wazee wa zamani wametuachia msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kasa wa bwawani ni mgeni wetu. Amekuja kajeruhiwa na nyavu, sawa, mlishe siku mbili zake. Siku ya tatu mpe jembe lake, na jembe la kasa ni kujitafutia na kumkimbia binadamu.

Na kujitafutia si jambo jepesi, kwa sababu kasa si wa aina moja wala si wa chakula kimoja. Kasa wa kawaida, yule wa kijani, akiwa mdogo hula vitu vingi, hata viumbe vidogo vinavyoelea. Akikua ndipo anageuka mla majani: mwani, na zile nyasi zinazoota chini ya maji karibu na pwani. Ng'amba ana mambo mengine kabisa. Yeye anapenda sifongo za kwenye matumbawe, na mdomo wake mkali umechongoka kama wa ndege ili apate kuzichokoa mianyani. Ukimzoesha ng'amba kungoja mwani wa mtalii, umempa chakula kisicho chake na umempokonya kazi yake, yote kwa pamoja.

Kuna watakaosema, mbona kobe wa Changuu wanalishwa na wageni miaka nenda miaka rudi na hawajadhurika? Suala zuri, kwa sababu tofauti iko wazi. Kobe wale walitoka Shelisheli mwaka 1919, wanne tu, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa huko. Wakazaana mpaka wakafika kama 200 mwaka 1955, halafu wezi wakawamaliza. Mwaka 1996 walibaki 7 na ndipo serikali na wahisani wakawajengea uzio. Kobe wa Changuu haendi popote. Kisiwa ndicho nyumba yake, uzio ndio uhai wake, na akimzoea mtu mwenye mchicha hapati hasara kubwa. Hata hivyo, hesabu hiyo inasema jambo: kilichotaka kuwamaliza kobe wale ni mkono wa binadamu, nao walikuwa hawana mbio wala woga wa kuwaokoa.

Kasa wa bwawani yeye anafunguliwa. Anatoka pale anaingia bahari yenye ngalawa, mashua, mitego na majarife. Wa kijani anahitaji miaka 20 mpaka 50 ndipo akomae na kutaga. Maana yake kasa aliyefunguliwa leo lazima awakwepe wavuvi kwa miongo mizima kabla hajatuletea hata yai moja. Atawakwepaje, ikiwa sisi wenyewe tumemfundisha kwamba chombo na mtu ni neema? Kule Barbados, ambako boti za watalii huwalisha kasa samaki, kasa wamefika hadi kuzifuata boti. Kwao boti ile ina watalii. Kwetu inaweza kuwa na mvuvi mwenye njaa na kisu.

Na msiniambie siku hizi hakuna anayekula kasa. Sheria inakataza, ndiyo, lakini Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Nyama ya kasa mara nyengine huwa na sumu, na inaaminika sumu hiyo inatokana na anachokula kasa mwenyewe baharini. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo kasa asiyemwogopa mtu hana faida hata kwa mwenye kumla. Anakufa yeye, na pengine anazika nyumba nzima.

Nirudi kwenye pesa kama nilivyoahidi. Kiingilio cha mgeni ndicho kinachonunua chakula na dawa, na kinampa kijana wa Nungwi kazi. Kweli tupu. Lakini kwani mgeni analipia kushika, au analipia kuona? Mimi naamini mgeni akielezwa vizuri na kijana anayejua anachokisema, atalipa hizo hizo kumwona kasa anatafuta chakula chake. Pendekezo langu ni hili. Chakula wakiweke walezi wenyewe, kifungwe kwenye mawe au kwenye kapu lililozamishwa chini, kasa apige mbizi akitafute. Saa zibadilishwe, asizoee kengele. Ng'amba apewe kinachomfaa ng'amba. Na kasa aliyekaribia kufunguliwa atengwe mapema, miezi kadhaa asione mgeni, asiguswe, ajifunze upya woga wake.

Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi iandike kanuni hizi kwenye karatasi moja ibandikwe kila bwawa, na mwenye bwawa asiyezifuata asijiite hifadhi. Ajiite tu bustani ya kuchezea kasa, tutamwelewa, na wageni nao watajua wanalipia nini.

Woga wa kasa ndiyo ngao yake. Gamba halimkingi na jarife. Tukimnyang'anya woga kwa ajili ya picha moja, halafu tukampigia makofi siku ya kumfungulia, tutakuwa tumemsindikiza tu kwenye sufuria ya mtu.

Nawasilisha. Wenyeji wa Nungwi, nyinyi ndio wenye bwawa na wenye bahari, mnasemaje?