Jogoo wa Kaskazini na Barua ya Onyo

Nina mshkaji anapiga tarumbeta kwenye bendi ya chuo kimoja. Chuo sikitaji, naye simtaji. Siku ya mahafali alisimamishwa mbele ya wageni rasmi akaitwa hazina ya chuo. Mwezi mmoja baadaye akapiga kwenye harusi, akalipwa, na bahati mbaya alikuwa amevaa fulana yenye nembo. Jumatatu akaitwa ofisini, akakabidhiwa barua ya onyo: ameidhalilisha taasisi.

Aliponionyesha barua hiyo tukiwa vimbwetani nikacheka, maana kesi kama yake iliwahi kuwasumbua wakubwa wa Uingereza mwaka 1898. Ila ili uielewe vizuri inabidi tuanze na sketi iliyochanika.

Juni 1667 Waingereza na Waholanzi walikuwa vitani. Meli za Uholanzi ziliingia mto Medway, karibu kabisa na London, zikachoma meli kadhaa na kuondoka na Royal Charles, meli ileile iliyomrudisha Mfalme Charles II kutoka uhamishoni mwaka 1660. Samuel Pepys, ofisa wa masuala ya jeshi la majini aliyekuwa akiandika shajara, aliandika siku chache baadaye alivyosimuliwa. Waholanzi walifika na boti ya watu tisa tu, hawakukuta mtu melini. Bendera ikateremshwa, na mpiga tarumbeta akapuliza mahadhi ya "Joan's Placket Is Torn". Yaani, sketi ya Joan imechanika pale kwenye mpasuo wake. Ni kama timu ya ugenini ikufunge nyumbani kwako, halafu ichukue vuvuzela lako ipulize wimbo wa kilabuni kwenu. Hakuna haja ya maneno hapo. Kijembe kimefika.

Mahadhi hayo ni jigi, dansi ya kurukaruka ya Waingereza na Waskoti. Kila hatua ina mapigo makubwa mawili, na kila pigo linagawanyika mara tatu. Aliyezoea chakacha mguu wake utaipata tu, hata kama kichwa hakijaelewa. Miaka ya 1680 yakachapishwa kwenye The Dancing Master, kitabu cha dansi kilichoanzishwa na John Playford wa London. Kwa hiyo ni ya Waingereza? Subiri.

Huko Scotland mahadhi hayohayo yanaitwa "Cock o' the North", Jogoo wa Kaskazini (usifikirie kampeni). Hiyo ilikuwa lakabu ya wakuu wa ukoo wa Gordon. Mmoja wao, Alexander, mtawala wa nne wa Gordon, aliunda kikosi cha Gordon Highlanders mwaka 1794, na tuni ya sketi ya Joan ikawa tuni ya fahari ya kikosi, ikipigwa kwa zumari la mfuko, lile linalobanwa kwapani. Kijembe cha kuwacheka Waingereza kimegeuka kuwa heshima ya jeshi la himaya yao. Ukimwambia Mskoti yeyote leo kwamba hiyo si ya kwao, jiandae kwa mjadala mrefu.

Sasa tufike kwenye kesi yetu. Tarehe 20 Oktoba 1897, kwenye vilima vya Dargai, eneo ambalo leo ni Pakistan, wanajeshi wa Gordon walipanda mlima chini ya risasi. Mpiga zumari George Findlater, kijana wa Aberdeenshire, akapigwa risasi za miguu. Akakaa, akaegemea jiwe, akaendelea kupiga huku wenzake wakipita. Magazeti yakaandika kwamba alipiga Jogoo wa Kaskazini. Mwenyewe alieleza kwamba alichopiga ni "The Haughs o' Cromdale", tuni nyingine kabisa. Nani alimsikiliza? Jogoo lilishakuwa jina zuri la kichwa cha habari.

Akapewa Victoria Cross na Malkia Victoria mwenyewe, hospitalini Netley, Mei 1898. Nishani ya juu kuliko zote. Pamoja nayo kulikuwa na malipo ya paundi 10 kwa mwaka. Kwa mwaka! Miguu haifai tena vita, na jeshi limemwacha. Akafanya ambacho wewe na mimi tungefanya: akakubali kupiga zumari jukwaani kwenye ukumbi wa burudani wa Alhambra, London, watu wakajaa. Hapo ndipo wakubwa wa jeshi wakaudhika. Wakasema kumtandaza shujaa jukwaani kwa tiketi ni kuishushia hadhi nishani. Suala likafika bungeni, na mwaka huohuo ikaruhusiwa malipo ya nishani yafike paundi 50 kwa mwenye shida.

Hilo ndilo linalonikera. Mahadhi yameibwa na kuibiwa tena, kutoka kilabu hadi melini hadi kambini, na kila aliyeyachukua alisifiwa. Mtu wa kwanza kuambiwa anaharibu heshima ni yule aliyeyapuliza kwa mapafu yake akaomba alipwe.

Hapa kwetu tunabishana usiku kucha ngoma fulani ni ya kabila gani. Mababu zetu wa pwani hawakusumbuka hivyo. Walipozisikia bendi za kijeshi za wakoloni walizigeuza kuwa beni, wakashindana kwa vyama, na Lamu na Mombasa kulikuwa na chama kilichoitwa Skochi. Mimi ubishi wa nani mwenye ngoma siutaki tena kwenye vikao vyetu. Niulize mpigaji kalipwa shilingi ngapi, nauli imetoka wapi, na nani kamnunulia mafuta ya valvu. Serikali ya wanafunzi ikiweka hilo kwenye makubaliano na utawala nitaipigia kura hata bila fulana ya bure.

Findlater alirudi kijijini kulima, akarudi tena jeshini mwaka 1914, akajeruhiwa tena. Mshkaji wangu naye ameshatumiwa ujumbe: mazoezi ya mahafali yanaanza wiki ijayo saa kumi jioni, afike na fulana yenye nembo.