Kabla ya kununua pampu, mwambie fundi ulichokifunga

BARABARANI
Na Idrisa Mkumbwa

Mpwa wangu alinipigia simu wiki mbili zilizopita, saa moja usiku, akiwa kwenye mataa ya Mwenge, Dar es Salaam. Forester yake yenye turbo ilikuwa imezima wakati anapunguza mwendo kuikuta taa nyekundu. "Mjomba, limezima tena. Hii ya tatu leo," alisema, na nyuma ya sauti yake nilisikia honi za daladala. Usukani ulikuwa mzito ghafla. Breki alizikanyaga mara mbili, na mara ya tatu pedeli ikagoma kama amekanyaga jiwe. Aliporudisha gia kwenye N na kuwasha, gari likawaka palepale, kana kwamba halijafanya kitu.

Kuzima kwa namna hii kunanitia hofu kuliko moshi, kuliko mlio wowote wa injini. Gari linalokataa kuwaka asubuhi linakuacha nyumbani kwako. Linalozima likitembea linakunyang'anya msaada wa breki na wa usukani barabarani, lori likiwa nyuma yako.

Kufikia usiku ule kijana alikuwa ameshapita gereji tatu. Ya kwanza walisema pampu ya mafuta, akanunua. Ya pili walisema plagi, zikabadilishwa zote nne. Ya tatu walimwambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua, wakamtajia bei inayozidi mshahara wake wa mwezi. Nikamuuliza: kabla halijaanza kuzima, ulifunga nini? Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba siku nne kabla ya hapo alitoa boksi zima la ea klina lililokuja na gari kutoka Japani, akafungiwa bomba la alumini lenye chujio la koni alilonunua Kariakoo. Hakuwaambia mafundi. Hakuwa anaficha, kwake lile bomba lilikuwa zawadi aliyolipa gari, na hakuna anayeishuku zawadi.

Lakini mafundi nao hawakuuliza, na hapo ndipo ninapogombana na gereji zetu. Boneti ikifunguliwa, bomba lile linang'aa kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Watu watatu wameliona, wakalipita, wakaenda kukisia kwenye tangi la mafuta na kwenye kontroli boksi. Makisio yalilipiwa na mwenye gari.

Baada ya chujio, kwenye njia ya hewa ya magari mengi tunayoyaagiza, kuna sensa ya hewa. Ndani yake mna waya mwembamba mno unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaotumika kuurudisha kwenye joto lake ndio unaoieleza kontroli boksi kwamba zimeingia gramu kadhaa za hewa. Injini ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Kontroli boksi haina njia ya kuiona hewa hiyo. Inaamini inachoambiwa na waya.

Na waya ule umepimwa ukiwa ndani ya bomba lake mwenyewe, kwa upana wake. Tuseme bomba lililotoka kiwandani lina kipenyo cha milimita 70, na wewe umefunga la milimita 80. Milimita kumi zinaonekana si kitu, lakini tundu limeongezeka eneo kwa asilimia 30. Hewa ileile sasa inapita taratibu mbele ya sensa, waya unapoa kidogo kuliko inavyostahili, na kontroli boksi inahesabu kama vile karibu robo ya hewa haipo. Mafuta yanapunguzwa. Ukiwa unatembea kwa mwendo wa kawaida huenda usigundue, kwa sababu sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi inajitahidi kusahihisha. Ukiachia pedeli ghafla na injini kushuka kwenye sailensi, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, hewa inayopita ni kidogo sana, kosa dogo linakuwa kubwa, na marekebisho yanachelewa. Injini inakata.

Kuzima huko, kwa kweli, ni onyo la afadhali. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, magari mengi huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kufuata hesabu ya waya peke yake. Injini ya turbo inayokimbizwa hivyo kwa mafuta pungufu hupata joto linaloweza kutoboa pistoni.

Jumamosi nilikwenda kwake na mashine ndogo ya kupimia, ile ya kuchomeka chini ya dashibodi. Ilitoa namba P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Namba hiyo haisemi nini kimeharibika, na mafundi wengi huishia kuisoma na kutaja kifaa. Nilimwonyesha mahali pengine pa kusoma: asilimia ya mafuta ambayo kontroli boksi inaongeza ili kuziba pengo. Gari lenye afya hucheza karibu na sifuri, juu kidogo au chini kidogo. La kwake lilionyesha asilimia 22 kwenye sailensi. Tulipoipandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 9. Kushuka namna hiyo kunanong'ona jambo: kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye sensa. Tundu likiwa dogo, madhara yake huonekana zaidi pale injini inapovuta hewa kidogo, na hupungua inapovuta nyingi. Asilimia ikipanda kadiri unavyokanyaga, mashaka yahamie kwenye sensa yenyewe, upana wa bomba, au mafuta yasiyofika.

Tulilikuta. Chini ya bomba la alumini, upande usioonekana ukisimama mbele ya gari, palikuwa na mdomo wa kuchomekea mpira umebaki wazi. Kwenye bomba la zamani palikuwa na mpira mdogo wa kupumulia injini. Aliyefunga alikosa mpira wa kufika pale, akaziba upande wa injini kwa bolti na kuusahau upande wa pili. Nilipoweka kidole gumba pale, mlio wa injini ulibadilika papo hapo. Kijana alinitazama bila kusema neno. Alikuwa anawaza pampu aliyoinunua.

Sababu si hiyo kila mara, na gari likizima baada ya kazi ya aina hii ningeanza na vitu visivyo na gharama. Soketi ya sensa imeingia mpaka ikalia? Kwenye Toyota nyingi sensa hiyohiyo ndiyo inayopima pia joto la hewa, kwa hiyo soketi iliyolegea inapoteza vipimo viwili kwa mpigo. Mshale uliochorwa kwenye sensa unaelekea kwenye injini, au sensa imegeuzwa? Imekaa kwenye sehemu ya bomba iliyonyooka, au imebanwa kwenye kona ambako hewa inazunguka kama maji ya mtaro? Mabomba ya kiwandani mara nyingi huwa na wavu wa kuinyoosha hewa kabla haijafika kwenye waya. Mengi ya kununua hayana. Klipu nazo zikaguliwe moja moja, kwa mkono.

Machujio ya pamba yanayopakwa mafuta yana shida yake. Yakilowekwa kupita kiasi, mafuta hurushwa hadi kwenye waya na vumbi hugandia pale. Waya husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, kisha huachwa ukauke kabisa. Usiuguse kwa kidole wala kitambaa, na dawa ya kusafishia kabureta usiikaribishe.

Wenye turbo wana jambo jingine, na vijana wanalipenda kwa sauti yake: vali inayotoa upepo nje kwa mlio mkali unapoachia mafuta. Kwenye Subaru ya turbo kama ilivyotoka kiwandani, upepo huo hurudishwa kwenye njia ya hewa, baada ya sensa. Sensa ilishauhesabu. Ukiutupa nje, kontroli boksi inamwaga mafuta kwa hewa ambayo haipo tena, na injini inazama kwenye petroli wakati huohuo unapokaribia mataa. Tatizo ni kinyume cha la mpwa wangu, na dereva analiona kwa sura ileile.

Tena, wakati wa kufunga, watu hutoa waya wa betri ili "kufuta kumbukumbu". Baadhi ya magari yenye throto ya umeme, Nissan hasa, yakifanyiwa hivyo huweza kusahau kiasi cha hewa ya sailensi na huhitaji kufundishwa upya kwa utaratibu wake. Likizima siku hiyohiyo, huenda bomba halina hatia.

Nami sina ugomvi na kijana anayelipenda gari lake. Ninachokataa ni kuuziwa kitu kwa mng'aro wake. Koni iliyo wazi ndani ya boneti, kwenye foleni ya Dar es Salaam, inavuta hewa iliyopikwa na injini. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 8 kuliko ya nyuzi 32 iliyo nje, na nguvu inapungua pia. Wengine hukwepa joto kwa kushusha bomba hadi karibu na bampa, halafu mvua za masika zinajaza maji bonde la Jangwani. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, kinachopinda ni koneksheni rodi. Lile boksi jeusi la plastiki ambalo watu hulitupa lilichorwa na watu waliowaza joto, maji, vumbi na sensa kwa pamoja. Atakayelibadilisha na amuulize muuzaji kipenyo cha mahali sensa inapokaa, alinganishe kwa rula, na boksi la zamani abaki nalo.

La mpwa wangu lilipatikana. Lilikuwa bado chini ya meza ya aliyefunga bomba, klipu moja imevunjika na wavu wa sensa umejaa vumbi la saruji. Tuliliosha, tukalikausha juani, tukalirudisha pamoja na mipira yake yote. Tulikwenda naye hadi Tegeta na kurudi, mashine ikiwa imechomekwa. Kwenye mataa ya Mwenge alipunguza mwendo taratibu, mikono imekaza usukani, macho kwenye kioo kidogo cha mashine. Kilisoma asilimia 3. Injini iliendelea kunguruma.