Kona ya fundi: Kompyuta inawaka, kioo cheusi

Siku hizi vijana wetu wengi wanajitafutia kwa montaji ya video za harusi na za kwaya. Kompyuta ya mezani ya mtumba inanunuliwa Kigali, halafu kijana anaweka akiba pole pole mpaka anapata kadi ya picha yenye nguvu, ili video zisikwame. Anaifunga, anawasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, kioo cheusi tii! Nyumba nzima inanyamaza, maana ile mashini ndiyo daftari za watoto na mafuta ya kupikia. Na fundi wa kwanza kuulizwa anasema madabodi imekufa.

Msimpe hela kwanza. Tazameni waya wa kioo umechomekwa wapi. Nyuma kuna tundu la zamani, karibu na matundu ya kibodi, na kuna matundu mapya ya kadi. Kompyuta nyingi zikiona kadi mpya zinazima lile la zamani zenyewe. Kumbe waya umebaki pale pale! Uhamishieni kwenye kadi, na kwenye vitufe vya kioo mchague HDMI au tundu mnalotumia.

Bado giza? Hapo tuongee umeme, na hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotea. Mahali kadi inapochomekwa panatoa wati 75, si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ina tundu lake pembeni: la pini 6 linaongeza wati 75, la pini 8 wati 150. Msipolichomeka, kadi haitoi picha. Sasa, kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa mtumba zina kisanduku cha umeme cha wati 240 au 300 hivi, na waya huo hazina kabisa. Muuzaji hakuulizi hayo, yeye anauza. Kabla ya kununua, fungua ubavu wa kompyuta, soma karatasi iliyobandikwa kwenye kisanduku cha umeme, andika wati, nenda nazo dukani. Na tafadhali, kuunganisha nyaya kwa kukisia tuache, moto hauchagui nyumba.

Wengine kadi ilikuwa sawa Kigali, ikafika Mahama au Kigeme haioneshi kitu. Ni barabara tu. Kadi ni nzito na basi linatikisa, inalegea. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha sanduku, kisha toa kadi uirudishe mpaka usikie "klik". Safari nyingine ibebe mkononi, imefungwa kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli.

Mashini za kabla ya 2012 nyingine zinakataa tu kadi za kisasa. Hizo usishindane nazo.

Kabla ya kumlipa mtu, toa kadi mpya, rudisha kila kitu kama zamani. Picha ikirudi, kompyuta ni nzima, tatizo ni kadi au umeme, na unaweza kumrudia muuzaji ukiwa na risiti. Ila prosesa ya Intel ambayo namba yake inaisha na herufi F haitoi picha bila kadi, kwa hiyo hiyo utaijaribu kwa kadi ya zamani au ya jirani. Picha isiporudi na kompyuta inalia pii pii, chomoa vipande vya RAM, vifute kwa kitambaa kikavu, virudishe.

Mwezi ujao: printa inayomeza karatasi.