Bwana Shamba Anakueleza: Kikaushio Kikizidi Joto



Mvua zetu za Singida ni za msimu mmoja. Zikiisha, mboga za majani huwa adimu. Ndiyo maana tunakausha mlenda, majani ya kunde na majani ya maboga.

Je, unatumia kikaushio cha jua, lile sanduku la mbao lililofunikwa kwa nailoni? Je, mboga zinatoka nyeusi, au zimekauka nje na ndani bado mbichi? Basi joto limezidi. Fanya hivi:

Kwanza, tazama matundu ya hewa, ya chini na ya juu. Huzibwa na vumbi, majani makavu na utando wa buibui. Hewa ya moto isipotoka, joto hupanda na unyevu hubaki ndani. Yasafishe kila wiki. Usiyazibe kwa matambara ili kuzuia nzi. Weka wavu.

Pili, tandaza mboga tabaka moja tu. Zikirundikana, hewa haipiti.

Tatu, jua la mchana likiwa kali, funika sehemu ya nailoni kwa mkeka. Jua likizipiga mboga moja kwa moja, hupunguza vitamini A inayolinda macho ya watoto wetu. Kama una kipimajoto, joto lisizidi nyuzi 60.

Mboga iliyokauka vizuri huvunjika ukiifikicha. Isiyovunjika usiifunge kwenye mfuko. Itaota ukungu, na akiba yote ya kiangazi itaharibika.