Lisansi ya pili: tuulize kwanza inafungua mulango gani



Kila mwaka maandikisho ya vyuo ikikaribia, swali moja inarudi ku mikutano yetu: niko na lisansi, sina kazi, nianze lisansi ingine? Posho iliyopita swali hiyo ilitushinda kuimaliza. Kamaradi mumoja alisoma uhusiano wa kimataifa, akamaliza ni miaka ine sasa. Ameweka dosye ku maONG mpaka amechoka kuhesabu. Leo anauzisha mainite kando ya barabara, na anataka kurudi mwaka wa kwanza, mu mambo ya wagonjwa, asome kuwa infirmye. Wamoja walimwambia anakimbia shomaje. Sisi wenyewe tulicheka, na tunamuomba radhi, kwa sababu alitujibu hivi: “Mu kartie yetu hakuna mutu anapigaka hodi usiku akitafuta mutu wa uhusiano wa kimataifa. Mutu wa kuchoma shindano, huyo wanamutafuta.”

Huyu anajua mulango anaotaka kufungua. Na kuna milango ambayo haifunguke bila karatasi yake: munganga, infirmye, avoka. Bila diploma ya sheria, baro haikuandike hata ukijua kusema sawa redio. Kwa kazi za namna hiyo, kurudi ku banki ya shule haiko haya, hata ukiwa na miaka 30.

Lakini tuseme ukweli kati yetu. Wengi tunarudi juu ya jina tu. Nyumbani “mwanafunzi” inapita “shomeri”. Karte ya chuo inakukinga na maswali ya mujomba siku ya sikukuu. Inakula pia minervali, na silabi za kununua kwa lazima, na staji, na kazi ya mwisho, na mara nyingi pesa hiyo ilikuwa ya mudogo wako ambaye hajapata hata ya kwanza. Kama unachotaka ni kompyuta, kuhesabu vitabu vya duka ao Kiingereza, miezi michache ya mafunzo na mahali pa kujizoeza inaweza kutosha. Kaa na mama na wadogo, muhesabu yote mpaka mwaka wa mwisho, hapana minervali ya mwaka wa kwanza peke yake.

Kisha kuko ile mambo ya LMD, na hapa vijana wengi wanapotea. Mu mufumo ya zamani tulisoma graduat miaka 3, tukaongeza lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi mupya ni miaka 3, kisha masta miaka 2. Jina ni moja, vitu ni viwili. Mwenye lisansi ya zamani amesoma miaka 5 tayari. Mbele ya kuanza ingine, aulize kwanza kama masta haimufungulie njia fupi. Na mwenye graduat ya zamani asikubali kuambiwa “anza zero” bila mutu kumuonyesha andiko linalosema hivyo.

Maana LMD inahesabu masomo kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Maana ya krediti ni kwamba uliyoshinda unaichunga. Sasa mutu aliyeshinda Kiingereza, informatike na elimu ya uraia mu chuo cha kwanza, juu ya nini ayalipie na kuyakalia tena mu chuo cha pili? Wakubwa walichukua mufumo, wakaacha faida yake nje. Sisi tunaona hapo kuna watu wanaokula juu ya mwaka wetu mumoja, na hatutanyamaza.

Katiba yetu, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu kwa kila Mukongomani. Leta haiwezi kutuacha bila konkuri za wazi, nafasi zikipita mu familia na mu vyama, kisha ituambie tatizo ni kwamba hatujasoma vya kutosha. Diploma ya pili haitaponyesha ile ugonjwa.

Tunaomba vyuo vyote vya muji vibandike ku mulango, mbele ya maandikisho, bei yote ya mwaka na masomo gani ya zamani inahesabiwa. Kamaradi wetu ameenda mara mbili ku biro ya chuo kimoja kuuliza swali hiyo. Mara ya kwanza mukubwa hakuwa. Mara ya pili wakamwambia arudi siku ya kwanza. Siku ya kwanza, saa tatu ya asubui, tutaenda naye. Mwenye swali sawa yake alete diploma yake na karatasi ya pointi, tuulize pamoja.