BALKONI INATOSHA! Acheni Kututukana na Swiiti Zenu

Najua mlikuwa mnasubiri niseme neno kuhusu ile vita ya meli, maana meseji ni nyingi mpaka simu inapata moto. Haya, leo naiweka mezani.

Kwa wale waliokuwa shamba na bando limekata, stori iko hivi. Staa mmoja wa kike wa Bongo Muvi, jina kapuni, alienda Dubai akapanda meli ya kitalii, zile meli kubwa kama mtaa mzima zinazozunguka Ghuba miezi ya baridi. Akaposti video ya chumba chake: kitanda cha kulala watu wanne, sebule, bafu la marumaru, mhudumu wake peke yake. Hiyo ndiyo swiiti (sio suti ya harusini, msije mkachanganya). Siku hizohizo dada mwingine wa muziki wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, akaposti yuko kwenye meli ya aina hiyohiyo, ila kachukua kabini ya kawaida yenye balkoni. Kakaa zake kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi, anaangalia bahari. Basi.

Yule wa swiiti akashindwa kuvumilia. Akatupia kijembe kwamba kuna watu wamepanda meli na kuna watu wamepanda kibaraza. Weee! Mashabiki wakagawanyika, memu zikatengenezwa, na neno "kibaraza" likawa tusi rasmi la mjini.

Msimamo wangu naweka wazi hapahapa juu ili asiyetaka kusoma mpaka chini aondoke nao: balkoni inatosha. Tena sio inatosha kwa kujifariji kimaskini. Kwa mtu mwenye akili timamu anayelipa kwa pesa yake, balkoni ndiyo chaguo zuri. Na yule dada wa swiiti anawadanganya.

Tuanze na chumba chenyewe. Meli za hivi zina vyumba vya aina nne kwa ujumla. Kuna cha ndani kabisa, hakina dirisha, ukizima taa hujui kama ni saa sita mchana au saa sita usiku. Kuna chenye dirisha lisilofunguka. Kuna chenye balkoni, yaani mlango wa kioo, unatoka nje, una viti viwili na kimeza na bahari yote ni yako. Halafu kuna swiiti.

Swiiti inaongeza nini? Nafasi, ndiyo. Mhudumu wako. Kupanda na kushuka bila foleni. Kwenye baadhi ya kampuni unapata mpaka mgahawa na bwawa ambalo wengine hawaruhusiwi kusogea. MSC wanaita Yacht Club, Norwegian wanaita The Haven, na kwenye Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard chumba ulichokata ndicho kinaamua unakula mgahawa gani. Ni meli ndani ya meli. Sikatai, ni raha.

Ila sasa sikiliza yasiyowekwa kwenye video. Bei ya kabini huwa inatangazwa kwa kichwa kimoja mkiwa wawili chumbani. Ukienda peke yako, mara nyingi unalipia na yule ambaye hayupo. Juu ya hapo kuna bakshishi ya wahudumu inayohesabiwa kila siku, kuna intaneti, kuna vinywaji, kuna matembezi ya nchi kavu, na kampuni nyingi zinayalipisha pembeni. Swiiti nyingi ziko juu, na kadiri unavyokuwa juu na mwishoni mwa meli ndivyo unavyoyumba zaidi. Anayetapika haraka anashauriwa achukue chumba cha katikati, tena cha chini. Na meli ikishatia nanga bandarini wote mnashuka kwenda kuzunguka mji, sebule yako unaiachia kiyoyozi.

Kitu ambacho unakifuata baharini ni bahari. Mwenye balkoni anaiona. Anaisikia, upepo unampiga, jua likizama linazama mbele yake. Huyo ameshapata kile alichokifuata, na pesa iliyobaki anaweza kusafiri tena mwakani. Swiiti ichukuliwe na wenye sababu: una mzazi mzee asiyeweza foleni, una watoto watatu, ni fungate na pesa ipo mkononi bila kukopa. Hao nawapigia makofi kabisa.

Kingekuwa ni kitanda tu nisingeandika. Tatizo langu ni kijembe.

Mdau mmoja kwenye posti iliyopita aliniambia, "We mtu wa Usoke unajua nini kuhusu meli?" Kaka, nakujibu kwa upole. Hii reli inayopita hapa Usoke kwenda Urambo, Kaliua mpaka Kigoma ndiyo iliyobeba meli. Ndiyo, ilibeba meli. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli kwenye kiwanda cha Meyer huko Papenburg, wakaifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye maboksi kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa maji na kutoka hapo ikapanda treni kuja bara. Ikaunganishwa Kigoma, ikaingia ziwani 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiichukue, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi na jina jipya: Liemba. Hiyohiyo MV Liemba ambayo mama zetu walipanda kwenda Kasanga na Mpulungu, kabla haijasimama kwa miaka ikisubiri matengenezo.

Na kile kiwanda cha Papenburg kipo mpaka leo. Kazi yake sasa hivi? Kuunda hizohizo meli za kitalii. Disney Dream imetoka pale, Quantum of the Seas imetoka pale. Kwa hiyo ukiniuliza mtu wa Usoke anajua nini kuhusu meli, nakwambia binamu mkubwa wa meli zenu alipita mbele ya stesheni yetu akiwa kwenye maboksi, nyinyi mkiwa hamjazaliwa.

Tena madaraja tunayajua. Liemba ilikuwa na kabini za kulala za daraja la kwanza na la pili, na daraja la tatu unajibanza na mzigo wako, kuku wako na mtoto mgongoni. Treni yetu hivyohivyo: kuna la pili kulala, la pili kukaa, na la tatu. Hakuna mtu hapa asiyejua tofauti. Tofauti ni kwamba mtu akishuka stesheni na ndoo yake ya dagaa wa Kigoma, hatumuulizi amekaa behewa gani. Tunampokea mzigo.

Na ukitaka kwenda nyuma zaidi, hii njia ni ya misafara. Wanyamwezi walibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, karibu kilomita 800, kwa miguu. Wazungu waliopita huku karne ya 19 waliandika kwamba kijana ambaye hajawahi kufika pwani alidharauliwa kijijini kwake. Dharau zilikuwepo, sitawadanganya kwamba wahenga walikuwa malaika. Ila angalia walikuwa wanadharau nini. Hujafika! Hakuna aliyeulizwa amelala kwenye hema au chini ya mti. Umeenda na umerudi mzima, heshima yako unapewa. Leo tumegeuza: mtu ameenda, ameiona bahari, karudi, bado anatukanwa kwa sababu ya chumba.

Na tusi halibaki Dubai. Linashuka mpaka huku.

Kuna dada mmoja wa huku kwetu, anauza mtumba mnadani. Walikuwa na wenzake wanachanga kila wiki kwa ajili ya kwenda Zanzibar, wapande treni mpaka Dar halafu boti. Hesabu yake ya viti vya kawaida ilikuwa imetimia, senti haidaiwi. Ndipo "kibaraza" kikaanza kwenye kundi lao la WhatsApp. Wenzake wawili wakasema wao kwenye boti wanakaa VIP, na atakayekaa chini asiombe kupigwa picha nao. Utani, lakini utani wa kuumiza. Yule dada akaenda kukopa laki tatu kwa wale tunaowaita kausha damu, arudishe laki tatu na tisini ndani ya mwezi.

Boti ya Dar kwenda Unguja ni kama saa mbili. Saa mbili za kiti kipana na soda! Mwezi ulipoisha wakaja wakabeba cherehani yake, ile anayopunguzia nguo za wateja. Mpaka naandika hii hajaikomboa. Bahari ameiona, picha anazo, ila kazi imekufa nusu.

Mtasema ni ujinga wake. Mi nasema ujinga una mwalimu. Hawa kausha damu wa mtaani na wale wa kwenye simu wanaishi kwa aibu zetu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Sitini na tisa! Unadhani wateja wao wote wanakopa kwa ajili ya hospitali na ada? Kuna wanaokopa kwa sababu mtu mwenye wafuasi milioni amewaambia kwamba kukaa kiti cha kawaida ni aibu.

Najua komenti zinazokuja. "Pesa ni zake, wivu tu." Sawa, pesa ni zake. Alale hata kwenye chumba cha nahodha. Mimi sina shida na kitanda chake, nina shida na mdomo wake. Kula bata ni haki yako, ila bata wako hahitaji kumdonoa jirani ndipo anoge. Halafu na hizo "pesa zake" tuziangalie vizuri. Ni kawaida dunia nzima kampuni kumpa staa safari ya bure au ya nusu bei ili apige picha. Sisemi huyu kapewa. Ila staa yeyote akipewa aseme wazi kwamba hili ni tangazo, ili dada wa mnadani asijilinganishe na mtu ambaye hajatoa hata mia.

Komenti ya pili: "Madaraja yapo kila mahali, acha maisha yaendelee." Ni kweli yapo. Na mi nataka tuyaongee zaidi, ila tuyaongee mahali yanapouma.

Titanic, 1912. Abiria wa daraja la kwanza walipona kama sita kati ya kumi. Wa daraja la tatu, mmoja tu kati ya wanne. Hapo chumba kilikuwa na maana, maana waliokuwa chini walikuwa mbali na maboti.

Tuje nyumbani. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, inatoka Bukoba, inazama ikikaribia Mwanza. Meli ya kubeba watu 430. Orodha ya majina ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Soma tena hiyo sentensi. Waliokata tiketi ya bei ya chini hawakuandikwa popote, na ndiyo maana hesabu ya waliokufa imebaki ya kukadiria, mamia kwa mamia, wengi wanataja zaidi ya 800. Kuna mama alienda kutafuta jina la mwanaye kwenye karatasi, na karatasi haikuwepo. Halafu 2018, MV Nyerere pale Ukara, kivuko cha watu 101, wakafa zaidi ya 220. Tulikuwa hatujajifunza.

Hiyo ndiyo dharau ya kweli ya daraja la chini, na ilianza hivihivi, kwa kuona kwamba waliokaa chini sio watu wa kuhesabiwa. Leo unamcheka mtu wa kibaraza, kesho huoni ajabu kwamba jina lake halipo kwenye orodha.

Kwa hiyo wadau, nyie mnaochangishana safari za Desemba, iwe boti ya Unguja, iwe treni ya Kigoma, iwe hiyo meli ya Dubai, ushauri wangu ni huu. Kata tiketi unayoweza kuilipa leo bila kumuomba mtu. Hakikisha jina lako limeandikwa na ni lile la kwenye kitambulisho. Ukipanda, angalia boya la kuokolea liko wapi na ujue linavaliwaje. Ukiona watu wamezidi, shuka, hata kama umelipia VIP. Mtu wa kundi lenu akikaa chini, nendeni mkapige picha naye hukohuko chini. Na wewe dada wa swiiti, ukipita hapa kusoma maana najua unasoma: futa ile posti, mwombe mwenzio radhi. Swiiti yako itabaki palepale, hatutakuja kuikalia.

Haya, uwanja ni wenu. Balkoni au swiiti, na kwa nini? Dondosha maoni hapo chini. Matusi nafuta, hoja naziacha hata kama zinanichana mimi.